TOCHI YA KUFUNGA KWENYE BUNDUKI YA KULINDA SHAMBA

Ndugu zangu wenye mashamba, nanyi vijana mnaolala kwenye vibanda vya ulinzi, leo tuseme habari ya tochi. Si tochi ya kumulika njia ya kisimani. Ni ile ya kufunga kwenye bunduki, ya bei ndogo, lakini isiyokufa upesi. Najua ya kama wengi wenu mmekwisha kununua mbili au tatu, na leo zimelala sandukuni hazitoi mwanga. Sababu gani? Mlinunua maneno yaliyoandikwa kwenye kijisanduku, tochi yenyewe hamkuitazama.

Kwanza tumjue adui. Nguruwe wa pori mchana hulala penye kichaka kizito, au ndani ya matete ya bondeni. Usiku hutoka kundi zima, wakubwa na watoto, wakaja kuchimbua muhogo na karanga kwa pua zao. Mahindi huyaangusha kwa kifua, wakala hindi moja na kuharibu kumi. Dume zima huweza kufika kilo 100, na akiwa na jeraha humrudia mtu kwa meno yake. Ukipiga debe, juma la kwanza atakimbia. Juma la pili amezoea. Ua wa miti iliyosongamana humzuia vizuri kuliko bunduki, na mimi sitachoka kuwaambia mjenge ua. Lakini ua wa shamba kubwa ni kazi ya miezi mingi, na mahindi hayangoji. Ndiyo maana watu hushika bunduki.

Tena sikilizeni neno la sheria kabla ya neno la duka. Kuwinda usiku kwa taa si jambo la kufanya upendavyo. Mapatano yaliyofanywa London mwaka 1933 juu ya nyama wa Afrika yalikataza taa kali za kupofusha, na mapatano ya Algiers ya mwaka 1968 yalikataza kuwinda usiku. Mimi nasema habari ya mtu anayelinda shamba lake tu, mwenye karatasi ya bunduki na ruhusa ya wakubwa wa mahali pake. Basi nenda kwanza ofisini, uulize wazi: Je, naweza kulinda usiku kwa bunduki yenye taa? Wakikataa, usinunue, faranga zako zitie katika ua. Na kama shamba lako liko mpakani mwa mbuga ya Virunga au ya Upemba, ujue ya kama bunduki yenye taa itakuletea kesi hata kama hukupiga kitu.

Sasa neno lililo kubwa kupita yote. Ukimulika porini usiku, macho ya mbuzi, ya ng'ombe, ya mbwa, ya paa na ya chui huwaka kama makaa. Nyuma ya jicho la nyama hao mna utando mwembamba ung'aao kama kioo, nao huurudisha mwanga uliouingiza. Nguruwe hana utando huo. Macho yake hayawaki, au huwaka kidogo mno. Na kuna mwingine asiye nao. Ni nani? Ni mtu.

Fikirini neno hili vema. Mlinzi anayetafuta macho ya kuwaka atampiga mbuzi wa jirani, naye atalipa. Lakini mlinzi aliyesikia ya kama macho ya nguruwe hayawaki ni wa hatari zaidi. Ataona kitu cheusi kilichoinama katikati ya muhogo, macho hayaonekani, atasema moyoni: Huyu ni nguruwe. Kumbe ni mama aliyewahi shambani kabla ya jua, ameinama anang'oa muhogo wa watoto wake. Mbuzi hulipwa. Mama huyu hatalipwa kwa kitu cho chote.

Kwa hiyo tochi ya bunduki si ya kuonyesha macho. Ni ya kuonyesha mwili mzima: miguu minne, mgongo, masikio, pua ndefu. Ikiwa haikuonyeshi hayo kwa wazi, usifyatue. Na kwa sababu hiyo hiyo nataka mnunue tochi mbili, si moja. Ya kwanza ni ya mkononi au ya kuvaa kichwani, dhaifu na ya bei ndogo kabisa. Hiyo ndiyo ya kutafutia na ya kutembelea. Ya pili ni ya bunduki, nayo hukaa imezimwa mpaka umekwisha kuona nyama kwa ile ya kwanza. Taa ya bunduki huangaza mahali mdomo wa bunduki unapoelekea. Ukitafuta kwayo, umeelekeza bunduki kwa kila kitu usichokijua bado: kibanda cha jirani, njia ya maji, mtoto aliyetoka kujisaidia. Mtu mwenye faranga za tochi moja tu anunue ile ya mkononi, na bunduki aiache nyumbani.

Je, mwanga uwe wa nguvu gani? Hapa ndipo watu hupoteza mali yao. Wanataka tochi ya kumulika mlima wa pili. Lakini bunduki yako inapiga wapi? Bunduki ya kalibra 12 yenye marisau makubwa haifai kupita hatua 40. Mwanga unaofika mbali kupita risasi yako unaulipia bure.

Viwanda vilivyo vya kweli huandika umbali kwa kipimo kiitwacho FL 1, kilichotolewa Marekani mwaka 2009. Ukiona pameandikwa mita 200, usidhani ya kama utaona vema kwa mita 200. Maana yake ni mahali mwanga ulipokwisha kupungua hata kufanana na mwezi mpevu. Kwa mwanga wa mwezi waweza kuiona njia, lakini huwezi kumtambua nguruwe na mtu aliyeinama. Tena mwanga una desturi yake: umbali ukiwa mara mbili, mwanga hubaki robo. Tuhesabu. Tochi ya mita 200 hutoa robo ya luksi kwa mita 200. Kwa mita 100 hutoa luksi moja. Kwa mita 50 hutoa luksi 4, mara 16 ya mwanga wa mwezi, na hapo utazihesabu hata nywele za mgongoni. Basi shikeni hesabu hii: umbali ulioandikwa, ugawe kwa 4, hapo ndipo mahali pa kupiga. Kwa bunduki ya marisau, mita 200 zatosha kabisa. Mwenye karabini anayetaka kupiga mita 100 atafute mita 400. Kama wameandika kandela badala ya mita, kandela 10,000 ndizo mita 200, na kandela 40,000 ndizo mita 400.

Lakini kijisanduku hakisemi kandela. Kinapiga kelele: lumeni 100,000! Lumeni ni mwanga wote kwa jumla, unaokwenda mbele na unaotawanyika kando. Mwanga wa kutawanyika hauna faida katika mahindi. Hugonga majani ya karibu ukakurudia machoni, ukawa kipofu wewe na si nguruwe. Na hesabu yenyewe ni ya uwongo. Betri ya kuchaji iitwayo 18650 (upana milimita 18, urefu milimita 65) hubeba kazi ya wati 10 au 11 kwa saa moja. Taa nzuri ya LED kwa wati moja hutoa lumeni 100, au zaidi kidogo. Basi lumeni 100,000 zingetaka wati karibu 1,000. Betri yako ingekwisha kabla hujahesabu moja hata hamsini, na tochi ingekuunguza mkono. Tochi ndogo ya betri moja ikitoa lumeni 500 za kweli, hiyo imefanya kazi yake. Ni vivyo hivyo kwa betri: ukisoma 9,900 juu ya 18650, irudishe kwa mchuuzi. Zilizo nzuri huandikwa 2,500, au 3,000, au 3,500. Na uipime kwa mkono: betri ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi. Nyepesi sana, ujue ndani mna betri ndogo na hewa. Wachuuzi watanichukia kwa neno hili, haidhuru.

Sasa tufike penye kufa kwa tochi. Bunduki inapolia hurudi nyuma kwa nguvu ikakusukuma bega. Tochi iliyofungwa juu yake nayo hurudi, lakini betri iliyo ndani haikufungwa. Yenyewe hutaka kubaki mahali pake. Hivyo hugonga mbele, kisha hugonga nyuma, kama mzigo usiofungwa ndani ya lori penye mashimo. Ikiachana na chuma chake hata kwa kitambo kidogo sana, mwanga hukatika, na wewe unabaki gizani na dume lenye jeraha. Basi fungua tochi pale pale dukani na utazame ndani. Iwe na springi pande mbili, mbele na nyuma. Tochi nyingi za bei ndogo zina springi moja tu, nyuma. Mbele pana kijisahani kilichobandikwa, nacho hupondwa na betri mpaka kinabonyea. Bonyeza springi kwa kidole: iwe nene, irudi kwa nguvu, isiyumbe.

Kumbukeni vilevile ya kama betri nzito hugonga kwa nguvu zaidi. Yale mawe makubwa ya tochi ndefu yanapatikana katika kila kibanda cha njiani, na kwa kumulika nyumba ni mazuri. Kwa bunduki hayafai. Mawili kwa pamoja ni mzigo, nayo yatavunja springi mapema. Mawe madogo, yale ya redio, yana uzito wa gramu 23 hivi moja, na tochi ya mawe mawili madogo huvumilia vema. Mwanga wake si mwingi, lakini kwa hatua 30 wengi wataridhika, na mahali pasipo pa kuchajia hakuna shida. Mwenye sahani ya jua nyumbani achukue 18650.

Tazama kitufe. Kiwe nyuma, kibonyezwe na kukaa, kiwe na mlio. Tena hesabu namna za kuwaka. Tochi yenye namna tano (kali, ya kati, dhaifu, kupepesa, na ile ya kuomba msaada) ni mchezo wa watoto. Nitawaambia sababu: katika tochi nyingi za namna hii, umeme ukikatika kidogo kisha ukarudi, tochi huruka kwenda namna ya pili. Na bunduki ikilia, umeme hukatika kidogo. Risasi ya kwanza umepiga kwa mwanga mkali. Sasa tochi inapepesa, nawe huoni kama nyama ameanguka au anakuja. Tafuta yenye namna moja tu, kuwaka na kuzima. Hiyo mara nyingi ni ya bei ndogo kuliko zote, maana haina mapambo.

Ile yenye kichwa cha kuvuta mbele na nyuma, ili kukusanya mwanga, iacheni. Inapendeza machoni pa vijana. Lakini palipo na kitu cha kuteleza ndipo maji huingia, na bunduki ikilia kichwa hurudi chenyewe, mwanga ukatawanyika. Chukueni yenye kichwa kilichokazwa, na mwili wa alumini. Katika kila mahali pa kuzungushwa pawe na pete ya mpira. Ikiwa pameandikwa IPX4, hiyo huvumilia matone ya mvua; IPX7 huvumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Kwa umande wa mahindi ya masika, ambao hulowesha mtu kama mvua, nataka IPX7.

Mtaniuliza: Maandishi nayo si yanadanganya? Ndiyo, yanadanganya. Kwa hiyo ijaribuni wenyewe. Dukani, iwasheni na kuipiga kwenye kiganja cha mkono, mara kumi, kichwa kikitazama juu, kisha chini. Ikipepesa hata mara moja, irudishe. Nyumbani, iwashe na kuitia ndani ya ndoo ya maji dakika 30. Kisha ifute, uifungue uone kama ndani pamekauka. Halafu ifunge kwa nguvu kwenye mpini wa jembe, karibu na chuma, ikiwa inawaka, na ulime matuta mawili ya ardhi ngumu. Msicheke. Jembe si bunduki, nami sisemi ya kama iliyoshinda jembe itashinda bunduki. Nasema ya kama iliyoshindwa na jembe haina haja ya kupotezewa risasi, na duka bado litaikumbuka sura yako.

Juu ya kufunga. Tochi nyingi za bunduki zina upana wa milimita 25.4 kiunoni, maana ni inchi moja, na vifungo vya chuma vya upana huo hupatikana pamoja nazo. Nunua viwili, si kimoja. Tochi yenye kifungo kimoja huinamisha kichwa polepole kama mtu mwenye usingizi. Kati ya chuma na chuma weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ili isiteleze na isikwaruze kasiba. Kaza skrubu mpaka isizunguke kwa mkono, kisha acha. Kasiba ya bunduki ya marisau ni nyembamba. Ukiibonyeza kwa kifungo umeiharibu, na kasiba iliyobonyea huweza kupasuka. Karabini nayo, ukiifunga tochi juu ya kasiba, risasi yaweza kuhama mahali pake. Ni vema kufunga kwenye mti wa mbele, chini au kando. Usiifunge juu, mahali jicho linapopita. Na kichwa cha tochi kisifike mdomoni mwa kasiba; kirudi nyuma kidogo, ama sivyo moshi na masizi vitakipaka kioo giza kwa risasi chache.

Mwenye gobori, usinunue tochi hii. Baruti nyeusi hutoa wingu jeupe, na mwanga wako utagonga wingu hilo ukarudi. Baada ya mlio hutaona kitu, na gobori halina risasi ya pili. Bunduki za kutengenezwa kijijini kwa bomba la maji sitazisemea hata neno moja zaidi ya hili: zinaua wenye nazo.

Kabla ya usiku wa kwanza, jioni jua likizama, toa risasi zote, mtu mwingine atazame ndani ya kasiba kuhakikisha, kisha elekeza bunduki kwenye ukuta wa udongo usio na watu nyuma yake, hatua 30. Tazama kwa vilengeo: kitovu cha mwanga kiwe pale vilengeo vinapoonyesha. Kisichokuwa hapo, legeza skrubu, sogeza, kaza tena. Kesho yake mchana, mahali penye ruhusa na penye kilima nyuma, piga risasi tano tochi ikiwaka. Tano ni gharama, najua. Tochi ikizima katika hizo, imezima mchana, mbele ya rafiki, na si usiku mbele ya nguruwe.

Watu wengine huuza kioo chekundu cha kufunika tochi, wakisema nguruwe hakioni. Hapa pana kweli kidogo. Jicho la nguruwe halitambui wekundu vema, naye hushtuka kidogo kuliko kwa mwanga mweupe. Lakini kioo chekundu hula sehemu kubwa ya mwanga, nawe unahitaji kumtofautisha nyama na mtu. Katika shamba ambamo watu hupita, mimi nachagua mwanga mweupe na nguruwe akimbie. Akikimbia, mahindi yamepona usiku ule pia.

Neno juu ya kuchaji. Betri ya 18650 ikichakaa, au ikiwa ya uwongo, huweza kushika moto. Usiichaji juu ya kitanda, wala watu wakiwa wamelala. Iweke juu ya sahani ya udongo au jiwe, mbali na majani ya paa, na uitoe ikijaa. Ngozi yake ya plastiki ikichanika, isitumike tena. Mawe madogo ya kutupa, yale yasiyochajiwa, yakikaa miezi ndani ya tochi hutoa maji makali yanayokula springi. Basi mavuno yakiingia ghalani, yatoe yote, ufute springi kwa kitambaa kikavu, upake pete za mpira mafuta kidogo ya silikoni. Mafuta ya taa na ya gari yasitumike, kwa maana huiharibu mipira mingi.

Na tochi yenyewe ifungue kutoka kwenye bunduki kila asubuhi unaporudi, uitie mahali pengine, bunduki ukiifungia kwa kufuli bila risasi. Watoto wa nyumba isiyo na taa hutafuta tochi kila jioni, na wataifuata popote waijuapo.